Dawa Ikae Pindoni mwa Mmoja

Alhamisi, tarehe 25 Desemba, saa sita mchana, binti yangu Kadzo alitapika juu ya gauni lake jipya la Krismasi. Kisha akalegea mikononi mwangu kama nguo mbichi.

Mimi ni Ngumbao. Ninatunza bustani za wenye nyumba huko Watamu. Shule niliachia darasa la tatu. Mke wangu Kanze alifariki miaka miwili kabla ya siku hiyo. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Waliohusika bado wako kazini. Mimi nimebaki na watoto wawili: Kache wa miaka sita na Kadzo wa miaka mitatu.

Kanze alipokuwa hai, yeye ndiye aliyefunga mkoba wa safari. Vitu vya kwanza kutiwa vilikuwa vijitabu vya kliniki vya watoto. Mara hii nilifunga mwenyewe. Nilitia mikate, sukari na leso ya mama yangu. Vijitabu niliviacha juu ya kabati. Nilidhani ni karatasi tu.

Tulitoka Watamu tarehe 24 asubuhi. Tulifika kwetu Magarini alasiri. Mama yangu, ambaye watoto humwita hawe, alitupokea uani.

"Shikamoo, hawe," walisema watoto.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona huyu mdogo amenyauka?"

"Ni jua la njiani, mama," nilisema.

Halikuwa jua. Asubuhi ya Krismasi Kadzo aliamka mwili unachemka. Mama alikuwa na chupa ya dawa ya maji ya homa, ile ya rangi ya waridi. Saa kumi na mbili nilimpa Kadzo dawa hiyo, kijiko kimoja, kile cha kunywea mchuzi. Kisha nikaenda kuchinja mbuzi pamoja na ndugu yangu Kalume. Nyumba ilijaa wanawake. Nikasema moyoni, leo mtoto huyu hana shida ya mlezi.

Saa sita ndipo alipotapika. Nilimbeba mbio hadi zahanati. Zahanati yetu ni nzuri, ina rangi mpya. Mlangoni palikuwa na kufuli kubwa na karatasi. Niliisoma polepole: "Heri ya Krismasi. Tutafungua tarehe 29."

Nilipokuwa narudi nilikutana na Zipporah akitoka kanisani, bado amevaa sare ya kwaya. Zipporah ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Alimshika Kadzo shingoni, akamwangalia macho.

"Amepewa nini tangu asubuhi?"

"Dawa ya homa. Kijiko kimoja tu."

"Umempa wewe. Na wengine je?"

Tulienda nyumbani. Zipporah alisimama katikati ya uani, akauliza kwa sauti, "Nani amempa mtoto huyu dawa leo?"

"Mimi," alisema mama. "Saa moja. Baadaye saa tano nikamwongeza, maana alikuwa bado moto."

"Na mimi saa tatu," alisema dada yangu Kabibi. "Nilimwona analia, nikamhurumia. Mtoto hana mama."

Jedida, mke wa Kalume, alitoka jikoni akifuta mikono. "Mimi sikumpa ya homa. Nilimpa hii yangu ya mafua, saa nne. Ni ya manjano."

Zipporah alichukua chupa zote mbili. Alisoma maandishi madogo ya nyuma. Kisha akamwonyesha Jedida neno moja katika kila chupa. "Soma hapa, mwenzangu."

Jedida alisoma. "Parasetamoli. Na hii nyingine... parasetamoli! Kumbe ni dawa moja?"

"Rangi mbili, dawa moja. Mtoto amepewa mara tano toka alfajiri. Na kijiko gani mlitumia?"

Mama alikileta kijiko cha mchuzi. Zipporah alitikisa kichwa. "Hiki ni kikubwa mno kwa mtoto huyu. Dawa hii ikizidi huharibu ini. Hata mtoto akionekana ana nafuu, ndani anaweza kuwa anaumia. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Msingoje."

Mama aliketi chini. "Nimemuua mjukuu wangu?"

"Hujamuua, mama. Mlimpenda bila kuulizana."

Zipporah aliandika kwenye karatasi kila dawa na saa yake. Akanipa karatasi, chupa zote mbili na kijiko. Kalume alitupakia kwenye pikipiki yake hadi hospitali huko Malindi.

Daktari aliuliza, "Kijitabu chake cha kliniki kiko wapi?"

"Juu ya kabati," nilisema. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimpa ile karatasi ya Zipporah.

"Hii imetusaidia," alisema. "Sasa tunajua alikunywa nini na saa ngapi."

Walimtia Kadzo dawa ya kukinga ini kwa mpira wa mkononi. Walimpima damu pia. Alikuwa na malaria. Ile dawa ya homa ilipunguza joto, lakini malaria ilibaki palepale, wakaanza kuitibu. Tulilala hospitali siku nne. Nilikaa kando ya kitanda, nikihesabu pumzi zake. Siku ya tano Kadzo aliomba mkate. Nililia mbele za watu, nisijali.

Mwezi wa nane shule zilipofungwa, tulisafiri tena kwenda kwa hawe. Vijitabu vya kliniki vilitangulia mkobani. Nilitia vyandarua, chupa moja ya dawa ya homa na kikombe chake kidogo cha kupimia. Zipporah alikuwa amenieleza: kipimo hufuata umri na uzito wa mtoto, kama ilivyoandikwa kwenye chupa au alivyosema daktari. Kati ya kipimo na kipimo, zipite saa nne au zaidi. Kwa siku nzima visizidi vinne. Na mtoto akiwa na homa, apimwe malaria kwanza.

Mama hajui kusoma, lakini yeye ndiye aliyepata njia. Alichukua chupa na kikombe, akavifunga kwenye pindo la leso yake.

"Pesa zangu hukaa hapa, na hazipotei," alisema. "Anayetaka dawa aje kwangu. Nikitoa, mmoja wenu ataandika saa."

Siku ya tatu Kadzo alipata joto. Zipporah alimtoboa kidole, akampima. Haikuwa malaria. Mama alifungua pindo, Jedida akajaza kikombe hadi alama, Kabibi akaandika mlangoni kwa mkaa: saa mbili.

Saa tatu Kabibi alimwona Kadzo analia, akamhurumia tena. "Mama, nimwongeze kidogo tu?"

"Mlangoni pameandikwa nini?"

"Saa mbili."

"Basi mpe maji, umpepee. Huruma yako ifunge kwenye leso yako."

Jedida alicheka. "Wifi, umefutwa kazi!"

Jioni Kadzo alikuwa uani anakimbiza kuku.

Sisi tumebadilika. Tulikosea, tukafundishwa, tukajirekebisha. Mwezi wa tisa nilikwenda kwenye baraza, nikasimama mbele ya wakubwa, nikauliza swali moja. Walisema swali langu ni zuri na limeandikwa. Hadi leo sijajibiwa, kwa hiyo naliandika hapa pia. Mwaka huu Krismasi itakuwa Ijumaa. Watoto watakuja kwa bibi zao kutoka kila upande. Siku hiyo, ufunguo wa zahanati utakuwa kwa nani?