Chambo cha Ithembo

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kilungu Mutiso alipogundua kwamba mbwa wamekula chambo chake chote. Mwaka ule wa 1979, ofisi ya samaki ilikuwa imemtuma alinganishe njia mbili za kukamata kamba wekundu wa vijitoni, wale wenye makoleo kama ya kaa: mtego wenye nyama, na mkono unaopapasa chini ya mawe. Jibu alishalipata, na alijivunia kweli. Mtego huleta wakubwa. Wadogo hujificha, na hao hutolewa kwa mkono.

Ulibaki mtego mmoja tu wa kutegwa. Karibu na kijito palikuwa na ithembo, mahali pa kutambikia, na wazee walikuwa wameacha pale nyama ya mbuzi. Mutiso akakata kipande.

"Hiyo ni ya aimu," alinong'ona Nthenya, jirani yake, aliyekuwa akiteka maji. "Rudisha, baba Syokau."

"Mizimu haina meno, mama Nzuki," akasema Mutiso, akakitia kipande mtegoni.

Nthenya hakucheka. Alijitwika mtungi wake akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, Mutiso alimkuta mkewe, Syombua, amesimama mlangoni akinusanusa.

"Nani anachoma nyama huko nje?"

Harufu ilikuwa tamu mno. Nyama ya mbuzi... Lakini hakuna jirani aliyekuwa na moto.

Syombua akatoka. Mutiso alimwita, hakugeuka. Alitembea polepole kuelekea kijitoni, akaingia gizani. Mutiso akamkimbilia, akapapasa huku na huku akiita jina lake.

Harufu ikakatika.

Kimya...

Ndani, mtoto akalia. Mutiso alirudi mbio, akamsukuma Syokau chini ya kitanda.

"Usitoke. Hata mama akikuita."

Akafunga mlango, akaegemea komeo kwa mikono yote miwili. Koroboi ikazimika. Chumba kikanuka tope la mtoni.

Kitu kikainua kigoda, kikakirudisha palepale taratibu. Kikainua sufuria. Kikairudisha.

Mutiso aliijua kazi ile. Hivyo ndivyo yeye alivyoinua mawe, moja baada ya jingine, bila haraka. Akazidi kulibana komeo.

Kitanda kikalia: kwii...

"Baba," Syokau akanong'ona, "mbona mkono wako umelowa?"

Mikono ya Mutiso ilikuwa bado kwenye komeo.