Maandishi Yangu, Jina la Lemburis

Maneno yalikuwa yangu. Jina lilikuwa la mtu mwingine...

Nilikuwa nimesimama mbele ya watu, gazeti mkononi, nawasomea kwa sauti. Ndiyo kazi yangu, jamani. Mimi ni Parsimei, mtunza chumba cha vitabu cha misheni, hapa chini ya Mlima Meru. Mwaka ni 1913, Mjerumani ndiye mwenye nchi, na kila Jumapili baada ya ibada watu hujaa humu niwasomee gazeti linalotoka pwani.

Siku hiyo nikaanza kusoma andiko kuhusu mfereji wetu.

Mstari wa kwanza nikaujua. Wa pili nikaujua.

Ni mimi niliyeliandika!

Nikaendelea kusoma. Nikafika chini, mahali pa jina langu. Pameandikwa LEMBURIS.

Watu wakapiga makofi. Lemburis mwenyewe, mbeba barua wetu, alikuwa mlangoni, fimbo mkononi, miguu imejaa vumbi la njia ya Moshi.

Kabla hamjanihukumu, sikieni kwanza kwa nini niliwaka.

Mchungaji wetu mpya alikuwa amesema chumba hiki kitageuzwa stoo ya kahawa. Hakuona faida ya Mwarusha kushinda na vitabu. Nilimsihi mpaka nikachoka. Mwisho akaniambia gazeti limewaita walimu na watunza vitabu wa misheni zote walete maandishi. Chumba hiki kikitoa hata andiko moja likachapwa, ataamini kina faida na atakiacha.

Na mimi kazi ya misheni ndiyo iliyokuwa kinga yangu. Aliyekosa kazi ya namna hiyo alipelekwa kwa nguvu shamba la setla. Kaka yangu alikwenda huko, akarudi mgongo umepinda, hadi leo hanyooki.

Basi niliandika kama mtu anayezama. Niliandika jinsi setla alivyoyaziba maji ya mfereji kule juu, na migomba yetu huku chini ikakauka. Nikampa Lemburis bahasha, maana ndiye aliyebeba mfuko wa barua wa misheni kwa miguu, anavuka mto wa Maji ya Chai, anakwenda mpaka kwenye gari moshi kule Moshi.

Lemburis ni mtu wa rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja. Tena ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu Nashipae. Kwetu Waarusha mtu wa rika lako haombi. Anaingia kwako, anashusha kibuyu cha maziwa, anakunywa, anajiendea zake. Huwezi kumnunia. Hata herufi nilimfundisha mimi, humu humu chumbani.

Lakini andiko si maziwa!

"Mwizi wewe," nikamwambia mbele ya watu wote.

"Parsimei, nyamaza."

"Sinyamazi. Kila neno ni langu. Mfereji nimeuandika mimi, na setla nimemtaja mimi."

Hakubisha. Macho yake yalikuwa kwenye benchi la nyuma. Nikageuka na mimi. Nyapara wa yule setla, aliyekuja kusikiliza kama wengine, alikuwa anainuka polepole. Akatoka bila kuaga.

Nashipae akaliokota gazeti nililolitupa chini.

"Hujamaliza kusoma," akaniambia.

Chini ya jina kulikuwa na maneno madogo. Akayasoma yeye, kwa sauti ile ile ninayotumia mimi kila Jumapili.

"Lemburis, msomaji wa chumba cha vitabu cha misheni, chini ya Meru."

Nikakaa chini. Chumba kilikuwa kimetajwa gazetini, maana yake kilikuwa kimepona. Kilichokosekana ni jina langu tu, na kwa hilo tu nilikuwa nimepiga kelele.

"Nilifungua bahasha njiani," Lemburis akasema. "Nikaona umemtaja setla. Nikajua likichapwa, boma la Mjerumani litamtafuta mwenye jina. Wewe kila siku uko humu, watakukuta. Mimi ni mtu wa njiani. Leo hii nilikuwa nahama kwenda kwa wajomba zangu kule machungani, Nashipae angenifuata."

"Sasa huku umekuja kufanya nini?"

"Nilitaka kukusikia ukilisoma."

Daah... Wasomaji wangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilimsukuma aondoke, nikamwambia akimbie, lakini boma haliko mbali na askari wakawa wameshafika.

Nyapara akaninyooshea mimi kidole. Lemburis akasema ni yeye, jina si hilo hapo? Na mimi nikasema ni mimi. Wakatufunga kamba moja.

Bomani hakuna aliyetaka kujua nani mkweli. Tulichapwa hamsa ishirini kila mmoja, viboko ishirini na vitano.

Mimi mchungaji alikuja kuniombea, kwa sababu chumba sasa kilikuwa kinajulikana na kilihitaji mtunzaji. Lemburis hakupata wa kumwombea. Jina lililochapwa lilikuwa lake. Akapelekwa Moshi, akapakiwa kwenye gari moshi, akakate mkonge huko Tanga.

Nilijaribu kumwomba msamaha alipokuwa anapitishwa mbele yangu. Akanikatisha.

"Wewe soma tu. Ukiacha kusoma nitajuaje kwamba mpo?"

Baada ya hapo hatukusikia kitu. Nilituma salamu kwa kila aliyekwenda pwani, hakuna aliyerudi na jibu. Watu walikuwa wanakufa huko kwenye mkonge, hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema mbele ya dada yangu. Kila Jumapili Nashipae alikaa benchi la mbele. Nilisoma kila kitu mpaka jina la mwisho, mpaka herufi za chini kabisa, na alipoona nimekunja gazeti alijifunga khanga yake na kuondoka.

Mvua zikapita, zikaja nyingine.

Halafu likaja gazeti lenye andiko fupi. Ndani yake hamna setla wala mfereji. Linahusu kibuyu cha maziwa ambacho mtu wa rika hunywa bila kuomba. Mwandishi anasema kibuyu hicho kimepasuka shingoni na kimezibwa kwa nta.

Hicho ni kibuyu changu. Kiko nyumbani kwangu.

Nikashuka mpaka chini, nikasoma jina.

PARSIMEI, MTUNZA CHUMBA CHA VITABU.

Sikuliandika mimi...

Nashipae alikuwa ameshaanza kulia. Lemburis yuko hai.

Mchungaji akanipa mkono, akaniuliza kwa nini nimeandika tena bila kumwambia. Nikamjibu kwamba tumeandika wawili, mimi na mtu wa rika langu.

Ndugu msomaji, mwizi huficha jina lake. Wangu aliliweka hadharani, na mimi sikujiuliza kwa nini. Kabla hujamwita mtu mwizi mbele za watu, soma mpaka mstari wa mwisho.

Kibuyu nimekitundika palepale, na kila asubuhi nakijaza. Akirudi, asiombe.