Bibi Bongnye na Kigari cha Mtoto

Kila asubuhi Bibi Bongnye alilaza gogo la mviringo sakafuni, akalilalia chali mpaka mgongo ukapinda nyuma. Wazee wengi kijijini walifanya hivyo. Alikuwa na miaka sabini na sita, na alitaka kunyooka.

Lakini akitembea hatua hamsini tu, miguu ilikufa ganzi na kuwaka moto. Akichuchumaa kwenye shamba lake la vitunguu saumu, maumivu yalitulia. Mwaka uliopita, siku ya Chuseok, sikukuu ya Korea ya mavuno na ya kuzuru makaburi, alibaki nyumbani jamaa wengine walipopanda kilimani kwenye kaburi la mumewe. Alilia kwa hasira.

"Mwaka huu nitafika, hata kwa kutambaa!" alimwambia binti yake, Miran.

Miran akampeleka kwa Hyein, nesi wa zahanati ya kijiji.

"Bibi, ukiinama unapata nafuu?" nesi aliuliza.

"Sana. Ukiniona shambani utadhani msichana."

"Na ukinyooka?"

"Ndipo balaa linapoanza. Ndiyo maana nalalia gogo."

"Wee, Bibi! Gogo hilo likawe kuni leo leo! Ndani ya uti wa mgongo kuna njia ya mishipa ya fahamu. Uzeeni njia hiyo huweza kuwa nyembamba. Ukijipinda nyuma, inabana zaidi. Ukiinama mbele, inapanuka kidogo."

"Basi wanipasue. Nina haraka."

"Tusikimbilie kisu. Daktari akupime kwanza. Wengi huanza na mazoezi na dawa za maumivu. Wengine huchomwa sindano mgongoni, lakini nafuu yake mara nyingi ni ya muda. Hayo yakishindwa, au miguu ikizidi kudhoofika, upo upasuaji wa kupanua njia. Ila ukishindwa kuzuia haja, au mguu ukilegea ghafla, usingoje kesho. Hospitali siku hiyo hiyo."

"Na kutembea?"

"Sukuma kigari cha mtoto kitupu, kama bibi wenzako. Kitakuinamisha mbele, nawe utakiegemea."

"Mimi? Kile cha vikongwe?"

"Mama, kwani wewe una miaka mingapi?" Miran alidakia.

"Nyamaza! Nani kakuuliza?"

Hospitalini walimpiga picha ya mgongo, na daktari akakubali aanze na mazoezi. Gogo likaingia jikoni. Kila siku Bongnye alilala chali na kuvuta magoti kifuani. Kisha alisukuma kigari, akihesabu nguzo za umeme, akikaa kabla miguu haijawaka. Nguzo mbili. Wiki iliyofuata, tatu.

"Mtoto yuko wapi humo?" wenzake walimtania.

"Nimebeba ukaidi wangu!"

Maumivu hayakuisha, lakini nguzo ziliongezeka mpaka kumi na tisa.

Chuseok ilipofika, aliacha kigari chini, akapanda kilima kwa fimbo mbili, ameinama mbele. Alikaa mara nne njiani.

"Mama, nikubebe mgongoni," Miran alisema.

"Mgongo wako utunze. Utauhitaji."

Akafika. Akapiga magoti, akaweka viganja juu ya nyasi za kaburi. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Baba Miran," alisema, "mwaka jana ulingoja bure. Leo nimekuja kwa miguu yangu."