Liboke la Mama Mkwe

Kyakimwa alikuwa anafunga sashe nyeusi ya plastiki juu ya sufuria ya maharagi. Alipoinua kichwa, aliona mwanamke asiyemjua amesimama mlangoni. Nguo zake zimelowa mvua. Viatu vyake vimejaa tope. Kichwani amebeba furushi la majani mapana, na mkononi ana kikapu.

"Hodi, mama," alisema mgeni. "Gari yetu imekwama kwa tope pale chini. Shofa anasema tutalala hapa Mushaki. Naomba tu nafasi ya kukausha nguo."

"Karibu, mama. Sogea kwa moto."

Mgeni aliitwa Mama Bénédicte. Alitoka Walikale, alikuwa anakwenda Goma kumwona binti yake aliyejifungua. Alikaa karibu na babula, lile jiko dogo la makala, makaa ya miti. Aliitazama ile sashe juu ya sufuria. Mvuke ulikuwa umeijaza hadi imevimba kama mpira.

Kwenye kiti karibu na ukuta alikaa Koko Kanyere, mama mkwe wa Kyakimwa. Alikuja kutoka Butembo mwanzoni mwa mwaka, baada ya mume wake kufariki. Alipofika alikuwa mama mwenye mwili na kicheko kikubwa. Sasa bangili yake iliteleza kutoka kwenye mkono hadi kwenye kiwiko.

Maharagi yalipoiva, Kyakimwa alimpa sahani kwa mikono miwili. Koko alikula vijiko viwili, akaweka sahani chini.

"Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki."

Kila siku ilikuwa hivyo. Lévi, mume wa Kyakimwa, alikuwa na duka dogo mbele ya nyumba, kando ya barabara. Mara mbili alifunga duka na kumpeleka mama yake kituo cha afya. Muuguzi alipima damu, akapima presha. Hakuona ugonjwa. Alisema tu, "Mama huyu ale." Kyakimwa alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu yeyote. Aliogopa kwamba mama huyu, ambaye alimpenda, angezimika polepole ndani ya nyumba yake, naye hangejua sababu.

Mama Bénédicte alifungua kikapu chake.

"Mumenipokea vizuri," alisema. "Niko na samaki kambale wa kukaushwa kwa moshi. Naomba niwapikie liboke, vile tunafanyaka kwetu Walikale."

Alilowesha samaki katika maji ya moto, akamtoa miiba. Akakata kitunguu, nyanya na puaro, kile kitunguu cha majani marefu. Akatia chumvi kidogo na mafuta ya mawese. Kisha alichukua jani moja, akalipitisha juu ya moto taratibu, upande mmoja na upande wa pili. Jani likalainika na kung'aa. Akaweka jani juu ya jani, akamweka samaki katikati, akakunja na kufunga kwa kamba ya mgomba. Alingoja mpaka moto wenyewe ukafa, makala yakabaki mekundu. Ndipo akaweka vile vifurushi juu ya wavu.

Baada ya muda harufu ilijaza nyumba. Koko Kanyere aligeuza kichwa.

Alikula liboke lote. Akachovya bugali kwenye mafuta yaliyobaki, kisha akaanza kupangusa jani kwa kidole.

"Mama, acha jani," Lévi alicheka. "Hiyo iko sahani."

"Wewe enda uuze sabuni yako," alisema Koko. Kisha akamtazama mgeni. "Iko ingine?"

Lévi alifurahi sana. Lakini Kyakimwa alitoka nje. Alisimama nyuma ya duka, akafuta machozi kwa kitenge. Miezi yote hii alikuwa amepika kwa moyo wote. Mgeni wa saa chache tu amemshinda.

Mama Bénédicte alimfuata.

"Dada, usilie. Mimi kwetu niko reko. Natembelea wamama kwa niaba ya kituo cha afya, tunaongea juu ya chakula. Nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Koko hakatai mapishi yako. Anakataa plastiki. Juu ya nini unafunga sashe kwa sufuria?"

"Maharagi yaive mbio. Makala iko bei kali. Wote hapa wanafanyaka vile."

"Hata kwetu wanafanyaka. Lakini sashe haikutengenezwa kwa moto. Ikipata mvuke wa moto inaachilia vitu vyake ndani ya chakula. Hauvioni, na si vizuri kwa mwili. Wewe umezoea ile harufu, hauisikii tena. Koko anaisikia."

Kyakimwa aligeuka. "Sasa makala nitaokoa namna gani?"

"Maharagi yalale ndani ya maji tangu jioni. Asubuhi mwaga yale maji, tia mengine. Funika na jani la ndizi, juu yake kifuniko, juu yake jiwe. Mvuke hautatoka. Makala yatatosha."

Asubuhi gari bado lilikuwa kwenye tope. Mama Bénédicte akamwambia Kyakimwa, "Leo wewe ndiye utapika. Mimi nakaa."

Liboke la kwanza lilipasuka, mchuzi ukamwagika kwenye makala.

"Jani haukulipitisha kwa moto," alisema Mama Bénédicte. "Jani baridi linavunjika."

Liboke la pili liliungua nje, na viazi ndani vikabaki vigumu.

"Ulitia kwa moto unaowaka. Liboke halitaki ule moto, linataka makala mekundu. Na viazi ukate vidogo. Usiwe na haraka."

Lévi alikuja kutoka dukani na boksi refu mkononi. "Na hii karatasi ya alumini? Watu wa Goma wanachomea ndani yake. Majani hapa ni shida. Mushaki iko baridi, migomba haiipendi."

"Iko nzuri kwa viazi, ao kwa nyama," alijibu Mama Bénédicte. "Lakini nyanya, ndimu na chumvi nyingi vinaila ile karatasi, nayo inaingia kwa chakula. Ukitaka kutia nyanya, weka jani ndani kwanza, karatasi ije juu. Na karatasi iliyotoboka, tupa."

"Na kuku?" aliuliza Kyakimwa.

"Kuku ikate vipande vidogo. Ukishika kuku mbichi, nawa mikono na kisu kwa sabuni. Ukifungua, angalia karibu na mfupa. Ukiona wekundu, ao maji mekundu, rudisha kwa makala. Kuku mbichi inaleta tumbo mubaya."

Liboke la tatu liliiva vizuri. Saa sita shofa alipiga honi. Mama Bénédicte aliwaachia majani yote yaliyobaki, akapanda gari.

Kyakimwa alirudi ndani. Aliketi chini, karibu na miguu ya mama mkwe wake.

"Mama, ulikuwa unasikia harufu ya sashe ndani ya chakula?"

Koko alitazama mikono yake. "Nilikuwa naisikia."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Mwanangu, nitasema nini? Mama akikaa kwa mke wa mutoto wake, hasemi chakula ni kibaya. Akisema, watu wanasema anamutesa bibi wa mutoto wake. Mi nilikula ile naweza, nikakushukuru."

"Nami nilifikiri unatuacha. Nilikuwa nasikiliza kama bado unapumua."

Koko aliweka mkono juu ya kichwa cha Kyakimwa.

"Niahidi, mama," alisema Kyakimwa. "Chakula kikiwa kibaya, utaniambia."

"Kila chakula?"

"Kila chakula."

"Hiyo ni kazi ngumu kwa mwanamuke wa umri wangu," alisema Koko. "Lakini naahidi."

Tangu siku ile hakuna sashe iliyogusa sufuria katika nyumba hiyo. Lévi aliwatuma shofa wanaopanda kutoka Sake wamletee majani ya ndizi. Maharagi yalilala ndani ya maji. Siku za sombe walikula sombe, yale majani ya muhogo. Jumamosi walikula maboke: viazi na puaro, uyoga, ao samaki mdogo wa ziwani. Koko Kanyere alirudisha mwili. Akaanza kutembea kwa miguu hadi misa, huku akiwaambia wamama wenzake njiani watoe sashe zao juu ya moto.

Mwezi wa kumi, dada mkubwa wa Koko alikuja kutoka Butembo. Aliitwa Mama Kasoki. Alikuwa na ulimi mkali, na alijulikana kwa kupeleka habari.

"Butembo wanasema mudogo wangu anakufa njaa hapa," alisema kabla hata ya kukaa. "Nimekuja kuona na macho yangu."

Kyakimwa alichinja kuku wawili. Alitengeneza maboke manane. Lakini mgeni alilalamika njaa mara tatu, na Kyakimwa aliogopa. Aliyatoa maboke mapema, akayapanga kwenye sinia.

"Haya," alisema Mama Kasoki. "Tuone kama huyu bibi anajua kupika."

Koko Kanyere alikuwa wa kwanza kufungua liboke lake. Harufu ilikuwa nzuri. Alivuta nyama kutoka kwenye mfupa, akaona wekundu. Maji mekundu yalichuruzika juu ya jani.

Alimtazama Kyakimwa, aliyekuwa amesimama na jagi la maji ya kunawa. Alimtazama dada yake. Alijua vizuri neno lake lingefika Butembo kabla ya Jumapili. Ingekuwa rahisi kulikunja tena lile jani na kusema ameshiba.

Aliliweka chini.

"Kyakimwa, mwanangu, kuku haijaiva. Kwa mfupa ingali nyekundu. Watu wasikule."

Mama Kasoki aliguna. "Si walisema?"

Uso wa Kyakimwa ulipata moto. Aliweka jagi chini. Alikusanya maboke yote manane, hata lile ambalo Mama Kasoki alikuwa amekwisha kulifungua, akatoka nayo hadi kwenye babula. Aliyafunga upya, akayapanga juu ya makala.

Alisikia fimbo ya Koko ikigonga sakafu nyuma yake. Koko Kanyere alikuwa amemwacha mgeni. Aliketi kwenye kigoda kando yake.

"Nimekuaibisha mbele ya watu," alisema kwa sauti ndogo.

"Asante, mama," alisema Kyakimwa.

Koko akachukua kifuniko cha sufuria, akaanza kupepea makala.