Betri Mbili za Mashua ya Zahanati

Jumanne moja ya mwaka 1974, saa moja asubuhi, Tharsisi, mwendesha mashua ya zahanati, alibonyeza stata. Injini ikalia tik, ikanyamaza. Mashua ilikuwa na betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya taa, na zote zilikuwa zimekufa. Ng'ambo ya Malagarasi, upande wa Kasulu, mwanamke mwenye uchungu alikuwa amelazwa kwenye machela, akisubiri kuvushwa. Hatimaye Abdulrahmani, mvushaji wa siku nyingi, alimvusha kwa mtumbwi wake wa kasia. Mama akapona. Mtoto hakupona.

Ilikuwa mara ya tatu betri kufa. Mara mbili za mwanzo watu walisema bahati mbaya. Safari hii ikaitwa hujuma, na mlinzi akatiwa pingu. Mlinzi mwenyewe alikuwa Hatungimana, mkimbizi kutoka Burundi, aliyemwoa Immakulata, binti wa Tharsisi. Immakulata alikuwa na mimba, na mumewe alikuwa anakwenda jela.

Jumatatu iliyofuata Sajenti Gharibu alifika kutoka Kibondo. Alikuwa mtu wa Pangani, mnene, mwepesi wa hasira, aliyewahi kuendesha na kutengeneza magari ya polisi. Alikuja na Hatungimana na betri mbili zilizochajiwa.

"Kesho huyu anapanda mahakamani," alisema. "Leo nataka kujua umeme ulikwenda wapi."

Alikagua maji ya betri zilizokufa, yalikuwa sawa. Mkanda wa dainamo ulikuwa umekaza. Akafunga betri alizoleta, akamwambia Tharsisi azime kila kitu, kisha akachomoa waya mmoja na kuweka globu ndogo katikati, ili iwake kama kuna umeme unaovuja. Globu haikuwaka.

"Swichi kubwa huwa unaiachaje?"

"Kwenye kuzima, Afande. Lakini Jumanne ile niliikuta kwenye zote mbili, betri zimeunganishwa."

Gharibu akaigeuza kwenye zote mbili. Globu ikawaka, ilhali hakuna taa iliyoonekana kuwaka popote. Akachomoa waya za taa moja moja mpaka globu ikazimika. Waya wa mwisho ulielekea kwenye kabati la dawa la nesi Maximilla. Akaurudisha, akafungua kabati: taa ndogo ilikuwa inawaka humo ndani, mlango umefungwa, hakuna wa kuiona.

"Mimi taa hiyo siitumii," Maximilla alisema haraka. "Kliniki yetu ya ng'ambo ni Jumanne, tena mchana."

Basi kila mtu akamtazama Abdulrahmani.

"Wivu ninao, siufichi!" alifoka. "Mashua hii imeninyang'anya abiria. Lakini nikisogea tu, kijana huyu ananitimua kwa fimbo!"

"Kweli?" Gharibu alimgeukia Hatungimana.

"Kweli, Afande. Hagusi."

"Nani aligusa?"

"Sikumwona mtu."

"Uliondoka lindoni?"

"Kidogo."

"Kwa nini?"

Kijana akatazama pingu zake. Loo, ungemwonea huruma! Neno moja lingemwokoa na jela, naye alilimeza.

Hapo Esteri, mke wa Tharsisi, akatokea njiani na chakula cha wageni. Ghafla Hatungimana akachupa, pingu mikononi, akatokomea kwenye matete. Gharibu akashika bastola.

"Hatoroki, Afande!" Tharsisi alicheka. "Mabukwe wake anakuja, mama mkwe. Kwetu mtu hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, wala hamtaji jina. Akimwona, anampisha."

"Hata akiwa kazini?"

"Hata kazini."

Gharibu akarudisha bastola polepole.

"Tharsisi, habari za betri hizi umewahi kumweleza nani?"

"Nani tena? Mke wangu. Kila jioni namweleza." Kicheko kikamkauka.

"Mama Esteri," Sajenti alisema, "hapa kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwondoa mlinzi huyu bila kusema neno. Na ndiye huyo huyo ambaye mlinzi anakubali kufungwa kuliko kumtaja."

Esteri akaweka sinia chini.

"Ni mimi. Usiku nilipita hapa, akanipisha, nikawasha taa ya kabatini na kugeuza swichi. Kila Jumanne mume wangu ananyoa ndevu, anajipaka mafuta, anavaa shati jeupe. Nyumbani hanyoi hata Krismasi! Na huyu nesi, 'Tharsisi, nishike mkono nisianguke.' Mimi nimemzalia watoto saba, nani amewahi kunishika mkono? Nilitaka Jumanne yao iwafie. Yule mtoto sikumtaka mabaya. Mungu ananiona, sikumtaka mabaya." Akalia kwa sauti.

"Na mkweo? Ungemwacha afungwe?"

"Nilijua hatanitaja," alisema, akijifuta kwa kanga.

Gharibu alimtazama Tharsisi. "Hayo ya nesi ni kweli?"

Tharsisi alimtazama Maximilla. Maximilla alikuwa anapanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Sajenti aliingia mwenyewe kwenye matete kumfungua Hatungimana pingu, maana kijana alikataa kutoka mpaka mama mkwe aondoke. Aliporudi peke yake, Esteri alikuwa amekwisha kupanda Land Rover ya polisi, na Tharsisi alikuwa ameweka mguu mmoja ndani.

"Nakwenda naye," alisema. "Ni mke wangu."

Esteri alimtazama kidevu, kikavu na laini, hakina hata unywele.

"Shuka," alimwambia. "Umeshanyoa, na kesho ni Jumanne."