Dola Iliyosuguliwa

Haya yalimkuta rafiki yangu Verlin, kule Ohio, na mimi siongezi chumvi. Babu yake alimwachia dola ya fedha ya karne ya kumi na tisa, nyeusi tititi, ambayo mzee alikuwa akiirusha kwa dole gumba kila alipokasirika. Verlin akaisugua kwa magadi mpaka ikang'aa, akaipeleka kwa Bi Hester, mnunuzi wa sarafu kongwe.

"Nani kaisugua?" Bi Hester akafoka.

"Mimi. Ilikuwa chafu."

"Chafu kichwa chako! Watu wanalipia ule weusi. Hii sasa ni ya kuyeyusha tu. Nitolee hapa!"

Verlin alirudi nyumbani amefura, akaitupa ndani ya kopo la kahawa, akalifunga, akaliacha stoo ya chini. Alipoketi tu, akasikia huko chini mlio mwembamba: ting. Kisha tena: ting.

"Basi, babu, nimekoma!" akatania.

Akashuka. Taa ikagoma kuwaka. Akapapasa gizani mpaka akalishika kopo, bado limefungwa, na mlio ukakatika. Akapanda nalo hadi dirishani, akalifungua. Dola iling'aa kama alivyoiacha, ila katikati palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba, pana kuliko lake, na ilikuwa haijakauka.