Video ya Mama Imeenda Wapi?

Sebuleni kwetu kuna vyerehani saba. Hakuna hata kimoja chetu! Vyote ni vya watu. Mama yangu ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Ukitaka kukaa, unahamisha cherehani. Ukitaka kula, unahamisha cherehani. Mimi nimesoma mpaka nikamaliza chuo huku nimeegemea cherehani.

Baba naye amestaafu. Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Kazi ameiacha, ila stoo haijamwacha. Kila kitu nyumbani kina lebo. Kopo la chumvi limeandikwa CHUMVI. Juzi nimekuta rimoti imeandikwa RIMOTI. Na hapendi kabisa kuona kitu kimoja kiko mara mbili. Siku moja nilinunua mikasi miwili inayofanana. Jioni nikakuta mmoja.

"Wa pili nimempa jirani," Baba akasema. "Kwani wewe una mikono minne?"

Sasa ngoja niwape habari yenyewe!

Chuo cha ufundi cha karibu na kwetu kilitafuta mwalimu wa kutengeneza vyerehani. Mama akaomba. Wakamwita! Yeye na wengine wawili. Kila mmoja atafundisha dakika ishirini, siku ya Alhamisi, mbele ya wakuu wa chuo na wanafunzi arobaini. Atakayefundisha vizuri zaidi ndiye atakayepata kazi.

Mama anatamani kufundisha tangu mimi sijazaliwa. Alisoma barua mara ya kwanza akapiga vigelegele. Alipoisoma mara ya pili, akaikunja.

"Wanafunzi arobaini," akasema. "Na ugonjwa wa cherehani uko chini, kule uvunguni. Nikiinama kuwaonyesha, watu wa nyuma wataona nini?"

"Wataona mgongo wako," Baba akasema.

"Basi ndiyo nimekosa kazi. Nani ataajiri mgongo?"

Nikaruka. "Mama! Turekodi video! Mikono yako tu, kwa karibu kabisa. Tuiweke kwenye slaidi, iwe kubwa ukutani. Hata wa mlangoni ataona!"

Jumapili tukarekodi. Tulilaza cherehani ubavu. Mimi nilishika simu. Baba alishika tochi. Mama akazungusha gurudumu polepole. Sindano ikashuka. Ile ndoana ndogo ya chini ikaja, ikadaka uzi. Jamani, palikuwa pazuri!

"Ndoana ikichelewa kidogo tu," Mama akasema kwa sauti ya ualimu, "haidaki uzi. Ndiyo maana cherehani kinaruka mishono. Sasa tunalegeza skrubu hii..."

"Skrubu hiyo ina namba?" Baba akauliza.

"Baba! Tunarekodi!"

"Nauliza tu. Ikipotea utaiombaje dukani?"

Tukarudia. Mara ya pili tochi ilizima. Mara ya tatu tukapata. Dakika tatu safi.

Nikaihamishia kwenye kompyuta ya Baba, ile ya mezani. Nikafungua programu ya slaidi. Nikabonyeza "ingiza", nikachagua video. Kikatokea kisanduku chenye maneno mengi. Nikatia alama ya vema bila kusoma. Mtu wa diploma asome kisanduku? Nikabonyeza "sawa". Video ikatokea kwenye slaidi. Nikabonyeza, ikacheza! Mama akapiga makofi.

Kwenye simu nikaifuta palepale. Nilitaka nafasi ya kumrekodi paka wa jirani. Anapiga miayo kama binadamu, nawaambia!

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Mama akataka kufanya mazoezi. Tukamwita jirani yetu awe mwanafunzi. Jirani huyu anatengeneza kompyuta na mashine za fotokopi. Duka lake liko kwenye kona. Watu wote wanamwita Bi Skrubu, maana hakosi bisibisi kwenye mfuko wa gauni.

Bi Skrubu akakaa. Baba akakaa. Mama akasimama wima, rula mkononi.

"Wanafunzi, habari za mchana!"

"Nzuri, mwalimu!" tukaitikia.

"Sasa tazameni video."

Nikabonyeza. Likatokea boksi jeusi. Nikabonyeza tena. Jeusi vilevile. Chini yake pakaandikwa: "Faili halijapatikana."

"Mwanafunzi ana swali," Baba akasema. "Mbona giza?"

Mama hakucheka. Rula ilishuka polepole. "Kesho saa nne," akasema. "Kesho saa nne naingia darasani."

"Jumapili ilicheza!" nikalia. "Mliiona nyinyi wenyewe!"

Bi Skrubu akavuta kiti mpaka mbele ya kompyuta. "Tulieni. Video yenyewe, ile faili, mliiweka wapi?"

"Kwenye folda ya KAZI YA MAMA," nikasema.

Akafungua folda. Mna faili la slaidi peke yake. Sote tukamgeukia Baba. Sijui kwa nini. Mazoea.

"Mnanitazama nini?" Baba akasema. "Video ilikuwa mara mbili! Moja kwenye folda, moja kwenye slaidi. Nimefuta ya ziada. Na pipa la taka la kompyuta nimelimwaga pia. Usafi!"

"Mume wangu," Mama akasema taratibu sana. Akiongea taratibu hivyo, sisi wengine huwa tunatafuta mlango.

"Subiri, jirani," Bi Skrubu akasema. "Shemeji amekosea, lakini hajakosea peke yake. Msomi, njoo hapa. Ulipoingiza video, kuna kisanduku kilikuuliza kitu?"

"Kiliuliza... maneno mengi."

"Kiliuliza kama uiunganishe tu. Ukatia vema."

Nikatazama dari.

"Sikilizeni," Bi Skrubu akasema. "Kuna njia mbili za kuweka video kwenye slaidi. Ya kwanza, video inaingia ndani kabisa. Inakuwa sehemu ya faili la slaidi. Ukilibeba faili, umeibeba na video. Ya pili, slaidi inaandika anwani tu: video inakaa folda fulani. Ukibonyeza, slaidi inakwenda kwenye anwani hiyo kuitafuta. Nyinyi mliweka anwani. Halafu Shemeji akavunja nyumba."

"Sikujua kuna mtu ndani!" Baba akasema.

"Hata asingevunja," Bi Skrubu akaendelea, "kesho mngebeba slaidi kwenye flash na kuiacha video hapa. Kule chuoni ingekuwa giza hilohilo."

"Lakini tungejuaje?" Mama akauliza. "Kwa macho zinafanana."

"Pima uzito." Bi Skrubu akaonyesha faili. "Shemeji, soma hapa."

Baba akavaa miwani. "Kilobaiti mia nne."

"Video kama ile peke yake hufika megabaiti tisini. Kilobaiti elfu moja ndiyo megabaiti moja. Haya, wewe ni mtu wa stoo."

Baba akavua miwani. Uso ulimbadilika, nawaambia. "Yaani gunia lilikuwa tupu! Miaka thelathini nimepokea mizigo. Nimepokea gunia tupu nyumbani kwangu!"

Hilo lilimuuma kuliko kelele zote ambazo Mama angempigia.

"Kwenye simu ipo?" Mama akaniuliza.

Ikabidi niseme habari za paka. Sitarudia hapa alichoniambia Mama. Itoshe kusema paka naye alitajwa.

Tukarekodi upya palepale. Baba alishika tochi kwa mikono miwili na hakuuliza namba ya kitu chochote. Mama alikuwa na hasira, kwa hiyo maelezo yakatoka mafupi na makali. Yakawa mazuri kuliko ya Jumapili!

Bi Skrubu akaniachia kiti. "Ingiza wewe. Polepole. Soma kila neno."

Nikasoma. Kweli, kisanduku kiliuliza kama nataka kuunganisha tu. Safari hii sikutia alama. Nikabonyeza "sawa", nikahifadhi.

"Uzito!" Baba akaamuru.

"Megabaiti tisini na mbili!"

"Mzigo umepanda lori," Baba akasema. Akataka kusaini mahali. Hapakuwa na mahali pa kusaini.

"Bado," Bi Skrubu akasema. "Jaribuni kwenye kompyuta nyingine. Hapa nyumbani kila kitu kitacheza. Nyumbani hapawezi kukuambia ukweli."

Tukaenda dukani kwake na flash. Akafungua slaidi kwenye kompyuta moja nzee hivi, inavuma kama feni. Akabonyeza. Tukasikia sauti ya Mama. Picha hakuna! Sauti tu, inatoka kwenye kiza.

"Sasa nimekuwa redio," Mama akasema.

Bi Skrubu alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. "Hii ni shida nyingine. Simu za sasa zinabana video kwa njia mpya ili ichukue nafasi ndogo. Kompyuta ya zamani haijui kuifungua."

"Lakini mwisho wa jina la faili pameandikwa MP4," nikasema. "Si zote ni MP4?"

"Jina ni la boksi, Msomi. Linakwambia boksi la aina gani. Halikwambii vitu vya ndani vimefungwa vipi."

"Lebo haitoshi?" Baba akauliza kwa sauti ndogo.

"Haitoshi, Shemeji."

Nilimwonea huruma, kweli.

Bi Skrubu akafungua programu ya kubadilisha video. Akachagua ubanaji wa kawaida, ule wa zamani ambao karibu kompyuta zote zinaujua. Tukasubiri dakika kumi. Nikatoa video ya kwanza kwenye slaidi, nikaingiza hii mpya, nikapima uzito. Tukacheza kwenye kompyuta nzee. Sindano ikashuka, ndoana ikaja, ikadaka uzi. Mama akashusha pumzi.

"Na faili la video lenyewe liwekeni pembeni kwenye flash hiyohiyo," Bi Skrubu akasema. "Slaidi ikigoma, mnalifungua peke yake."

Baba akakohoa. "Hapo vitakuwa viwili."

"Viwili, Shemeji. Na cha tatu kibaki nyumbani."

Baba akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Basi sawa. Kama akiba."

Alhamisi tulifika chuoni saa tatu. Nilimwomba mtu wa kompyuta aturuhusu kujaribu kwanza. Picha safi. Sauti hakuna! Akachungulia nyuma ya meza. Waya wa spika ulikuwa umechomoka, sijui tangu lini. Akauchomeka. Mama akaniminya mkono mpaka nikasema aah.

Wa kwanza kufundisha alikuwa fundi mmoja mwenye tai. Alianza vizuri sana, mpaka nikaogopa. Halafu akasema, "Sasa tazameni video." Boksi jeusi.

"Nyumbani ilicheza!" akasema.

Mama akamnong'oneza kutoka mstari wa mbele. "Kaka, faili lenyewe unalo kwenye flash?"

"Liko kwenye kompyuta ya shemeji yangu."

"Pole, kaka. Chora ubaoni, usisimame bure."

Kaka wa watu akachora. Cherehani kilitokea kama ng'ombe, lakini alimaliza.

Wa pili hakuja na video. Aliinama kwenye cherehani dakika kumi na tano. Sijui alifundisha nini. Kila nilipotazama niliona mgongo.

Kisha Mama! Alisema maneno machache, akabonyeza. Mikono yake ikajaa ukutani, mikubwa kama milango. Sindano ikashuka. Mama akasimamisha video hapohapo.

"Ndoana iko wapi?" akauliza.

"Bado haijafika!" wa mbele wakasema.

"Na uzi?"

Msichana mmoja wa mstari wa nyuma kabisa akasimama. "Umeshapita! Kumbe ndiyo maana kinaruka!"

"Ndiyo maana kinaruka," Mama akasema. "Njoo sasa tuilegeze skrubu."

Mkuu wa chuo aliomba aone tena ile sehemu. Halafu akaomba mara ya tatu. Nadhani ana cherehani kibovu kwake. Jumatatu yake Mama akapigiwa simu. Kazi ameipata!

Ana wiki tatu sasa. Video ziko tisa, na zote zimo ndani ya slaidi zake. Wanafunzi wanazitazama kwenye kompyuta za chuo hata Mama asipokuwepo. Yule msichana wa nyuma ndiye asiyechoka. Bibi yake ana cherehani kilicholala chini ya kitanda miaka minne, mafundi wote walisema hakifai. Amekileta chuoni. Akatazama video, akasimamisha, akalegeza, akakaza, akatazama tena. Alimkataza hata Mama kugusa.

Jana nikiwa nyumbani simu ikaita. Ni Mama. Nikapokea. Nikasikia tu mlio wa cherehani, mrefu, laini, hauruki hata mara moja.

"Mama? Ni nini?"

"Sikiliza," akasema. "Si mimi ninayeshona."